Kilima cha Mwisho: Kufunga Msimu Elkhart Lake

Kutoka Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, hadi Elkhart Lake katika jimbo la Wisconsin, ni mwendo wa siku nzima kwa mtu anayekokota tela, na msafiri mwenye hadhari huondoka mara baada ya sala ya alfajiri ili apate kuipita Chicago kabla watu wa maofisi hawajamwagika barabarani. Tulikuwa wawili: mimi, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa huku huku Marekani lakini akalelewa katika Kiswahili cha mama yake, hata ukimsikia bila ya kumwona ungeapa kwamba alitoka Kibokoni, Mombasa, jana. Nyuma yetu, juu ya tela, limefungwa mikanda kila gurudumu, lilikuwapo gari dogo la MG Midget, ambalo ndilo lililokuwa sababu ya safari, sababu ya madeni yangu kadhaa, na sababu ya lawama za dada yangu, ambaye hachoki kuuliza ni mtu gani mwenye mvi anayekwenda kushindana mbio na watoto wa watu.

Tuliipita Indianapolis, tukauzunguka mji wa Chicago, tukapanda kaskazini Ziwa Michigan likiwa mkono wetu wa kulia, mara likionekana, mara likifichwa na miti na maghala. Na tulipoipita Milwaukee na kuliacha ziwa karibu na Sheboygan, nchi ikabadilika. Yakatupokea mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka yakingoja kuvunwa, mazizi makubwa yaliyopakwa rangi nyekundu, minara ya kuhifadhia malisho, na mji mdogo wa Plymouth unaojiita mji mkuu wa jibini wa dunia nzima, dai ambalo mgeni aliyekwisha kuwaona ng'ombe wa pande zile hana nguvu ya kulipinga. Miti ilikuwa imeanza kugeuka rangi, mingine ya manjano, mingine myekundu, na baridi iliyoingia dirishani ilikuwa ile inayomwambia mtu wa Pwani kwamba wakati wa kuvaa sweta mbili umewadia.

Vilima vya Elkhart Lake ni athari ya barafu. Zama za kale barafu nene iliyoifunika nchi ile ilipoyeyuka na kurudi nyuma, iliacha malundo ya mchanga na mawe, na mapande ya barafu yaliyozikwa chini ya mchanga huo yalipoyeyuka baadaye, yaliacha mashimo ya mviringo, ambayo baadhi yake yamekuwa maziwa madogo. Juu ya ardhi hiyo ya kupanda na kushuka, watu wenye magari ya kifahari walianza mwaka 1950 kushindana katika barabara za kawaida kati ya mashamba na nyumba, watazamaji wakisimama ukingoni bila ya kizuizi cha maana, na wakaendelea hivyo hadi mwaka 1952, mwaka ambao huko Watkins Glen, katika jimbo la New York, gari la mashindano liliacha njia likamwua mtoto aliyekuwa akitazama. Hapo ikadhihirika kwamba barabara ya umma si mahali pa mbio. Mhandisi mmoja wa Wisconsin, Clif Tufte, akatwaa shamba la ekari zipatazo 525 nje kidogo ya mji, akachora njia inayofuata umbo la vilima kama vilivyokuwa bila ya kuvisawazisha, na mnamo Septemba 1955 uwanja wa Road America ukafunguliwa. Njia yake ina urefu wa maili 4.048, yaani kilomita sita na nusu, na kona 14; na wazee waliokimbia hapo miaka mingi iliyopita wakirudi leo huikuta njia ile ile, jambo lililo nadra katika viwanja vya dunia, ambavyo vingi vimekatwa na kupinduliwa mara kwa mara.

Sharti nieleze, kwa ajili ya msomaji ambaye mbio za magari kwake ni zile za Formula One katika televisheni, kwamba mashindano tuliyoyaendea ni ya jinsi nyingine kabisa. Chama cha Sports Car Club of America kiliundwa mwaka 1944, na tangu mwaka 1964 kimekuwa kikiwakusanya madereva wake wa ridhaa mwishoni mwa msimu, kutoka kila pembe ya nchi, ili katika kila daraja apatikane bingwa mmoja wa taifa. Mkusanyiko huo, ambao siku hizi unaitwa Runoffs, umehamahama kutoka uwanja hadi uwanja, na miongoni mwa madaraja yake ya asili ni lile la Production, la magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa dukani kwa mtu yeyote mwenye fedha, kisha yakaondolewa viti vya abiria, yakatiwa vyuma vya kumkinga dereva, na kunolewa kwa kadiri kanuni zinavyoruhusu. Hakuna mshahara wala donge la fedha la kujivunia. Daktari wa meno, mkulima wa soya, mwalimu wa hesabu na fundi bomba hukutana hapo kwa gharama zao wenyewe, na hata mwigizaji Paul Newman, aliyekuwa na sifa na mali isiyohitaji kuongezewa, alitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1976 katika daraja la D Production kwa gari la Triumph TR6, na akautwaa ubingwa wa taifa mara nne kwa jumla kabla ya kuridhika, ikiwa aliridhika.

Kila gari lililokubaliwa katika daraja hili lina mstari wake katika kitabu cha kanuni: uzito wa chini likiwa na dereva ndani, jinsi ya kabureta, kipimo cha mgandamizo wa injini, upana wa magurudumu. Injini ikionekana kuwa na nguvu kupita za wenzake huongezewa uzito au hubanwa pumzi; ikiwa dhaifu hupunguziwa mzigo. Kwa mizani hiyo, Triumph Spitfire ya babu hushindana na Honda ya mjukuu, na Volkswagen inayovutwa na magurudumu ya mbele hukimbizana na Midget inayosukumwa na ya nyuma, wote wakifika mstarini kwa tofauti ya sekunde chache. Ugomvi juu ya haki ya mistari hiyo haujapata kwisha wala hautakwisha, kwa kuwa kila mtu huamini kwamba gari la jirani limependelewa. Walakini nimeishi miji mingi, nami sijaona pengine ambapo wenye nguvu na wasio nazo wamejaribiwa kusawazishwa kwa uwazi namna hiyo, kwa maandishi ambayo kila mmoja anaweza kuyasoma.

Kwangu mimi daraja hili lina nasaba. Injini ya Midget yangu, yenye ujazo wa cc 1,275, ni ya ukoo ule ule wa injini iliyotiwa katika Morris Minor tangu mwaka 1952, na marehemu mjomba wangu, fundi wa Majengo, Mombasa, alikuwa na Morris Minor ambayo nilijifunza ndani yake kwamba gari ni kitu kinachofunguka. Yeye ndiye aliyenihadithia kwamba Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kwa jina la Coronation Safari, katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa ya magari ya dukani, nayo yaligawanywa madaraja kwa bei yake, ili mnunuzi ajue kwa fedha aliyonayo lipi litamfikisha. Na mwaka 1965 Joginder Singh, pamoja na nduguye Jaswant, walipoishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, mafundi wote wa Afrika Mashariki waliuona kuwa ushindi wao, maana ilithibitika kwamba mikono inayoijua spana yaweza kufidia upungufu wa mfuko. Nimeyabeba maneno ya mjomba hadi Marekani, nami naamini kwamba nisingepata kuingia katika uwanja wa mashindano kwa mlango mwingine wowote.

Tulifika jua likizama. Sehemu ya mafundi na magari ndani ya Road America ni mji wa muda wenye mitaa yake, mahema yake, harufu zake za petroli na nyama ya kuchomwa, na adabu zake: mtu hapiti katika hema la mwenzake bila ya kusalimu, na hamwachi mwenzake peke yake na jeki. Wenyeji wa mkoa ule ni wajukuu wa Wajerumani, na soseji zao zina sifa iliyoenea nchi nzima. Sisi, kwa kuwa nyingi kati yake ni za nguruwe, tulielekea kwenye mahindi, ambayo huchomwa yakiwa na maganda yake, kisha yakamenywa na kuchovywa katika siagi iliyoyeyuka. Mpwa wangu alitoa ndimu na chupa ya pilipili ya unga kutoka katika sanduku la spana, akasugua hindi lake kama afanyavyo nyumbani kwao. Na kufikia siku ya tatu watu wa mahema ya jirani, ambao mwanzo walitazama kwa hofu, walikuwa wakija na mahindi yao mkononi kuuliza ikiwa yule kijana yupo.

Sasa niieleze njia yenyewe, kwa sababu ndiyo mwalimu wa makala haya. Kutoka mstari wa kuanzia barabara hupanda, hupinda kulia kwa kasi katika kona ya kwanza, hupinda tena kulia katika ya tatu, kisha huachia mteremko mrefu hadi kona ya tano, ambako mtu hufunga breki kwa nguvu na kukunja kushoto. Hapo hupanda tena kilima chenye kilele kinachoificha kona ya sita, hushuka, huingia katika mzunguko mrefu wa kulia unaoitwa Carousel, ambao matairi hulia ndani yake kwa muda ambao dereva huona hauna mwisho, na ukiisha tu hufuata kona ya kumi na moja, ambayo watu wote huiita Kink, pindo jembamba la kulia lililobanwa na kuta pande zote mbili. Kutoka hapo ni msitu na kasi hadi Canada Corner, kisha kushoto chini ya miti, kisha kona ya kumi na nne, na baada ya hiyo kilima kirefu kinachopanda hadi mstari wa kumalizia.

Mwenye gari lenye nguvu hukiona kilima hicho kuwa ni mahali pa kupumzisha mikono. Akitoka vibaya katika kona ya kumi na nne, hukanyaga mafuta na injini humlipia deni lake kabla hajafika juu. Mwenye gari dogo hana wa kumlipia. Kila maili ya mwendo anayoipoteza kwenye kona huipanda nayo kilima kizima, akiwa amekanyaga hadi chini na mshale wa mizunguko umegoma, akiwatazama wenzake wakimpita polepole kiasi cha kuweza kuwasalimu. Kwa hiyo dereva wa gari dogo hujifunza kutumia breki kwa uchache, kugeuza usukani kwa upole, kwa maana tairi linalosagwa hupunguza mwendo, na kufikiria kona mbili mbele, si moja. Hata ile Kink, ambayo wenye injini kubwa huitetemekea na kuachia mafuta, sisi huipita mguu ukiwa chini, zaidi ya maili 100 kwa saa, si kwa ushujaa bali kwa ufukara: tukiinua mguu hapo, hatuna mahali pengine pa kuutafuta mwendo ule. Ni desturi ya watu kudhani kwamba nguvu ndiyo inayomfundisha mtu mbio. Mimi nimefundishwa na upungufu wake.

Jioni ya kuamkia siku ya mbio zetu, katika kipindi cha mwisho cha kuwania nafasi, gia ya tatu iliachia. Nilisikia mlio kama wa kokoto ndani ya debe, nikarudi hemani kwa gia ya nne, na tulipomwaga oili ya giaboksi katika beseni vilitoka pamoja nayo vipande viwili vya meno, ving'aavyo, kimoja kikubwa kama punje ya hindi.

"Mjomba, tushushe injini yote?" aliuliza mpwa wangu, akijua jibu.

"Yote. Midget haina njia ya mkato."

"Basi ngoja niinjike chai kwanza."

Ndivyo ilivyo katika gari hili: giaboksi haitoki kwa chini, bali injini na giaboksi hutolewa pamoja kupitia mbele, zikiwa zimeinamishwa mkia chini. Na hata tungeitoa, ya akiba hatukuwa nayo, kwa kuwa ile tuliyokuwa nayo ilikwisha kutumika katikati ya msimu. Tulikuwa tumekwisha kufungua boneti na rejeta, pasipo kujua tunafungua kwa ajili gani, alipotokea mzee mmoja wa Iowa, mwenye Austin-Healey Sprite ya kijani, mtu ambaye msimu mzima nilikuwa nikigombea naye nafasi ile ile, akisukuma toroli. Juu ya toroli, imefunikwa kwa shuka kuukuu, ilikuwapo giaboksi. Nilipoanza kutafuta maneno ya kushukuru na ya kuuliza bei, alinikatiza, akasema hakuendesha njia yote ile kutoka Iowa ili aje kushindana na pengo.

Kazi ya usiku ule nitaikumbuka kwa mambo madogo. Tulichomoa mkono wa gia na bomba la klachi, tukaiacha propela shafti ikining'inia, tukalegeza bolti za mikono inayoishika injini, na winchi ikaanza kupandisha kile chuma kizito inchi kwa inchi, mpwa wangu akikiongoza kwa mikono miwili ili kisikwaruze mwili wa gari, na yule mzee akiushika mkia wa giaboksi kwa tambara ili oili iliyobaki isitiririke sakafuni. Lililotuchosha zaidi halikuwa kutoa bali kurudisha: meno ya shafti ya giaboksi sharti yaingie sawasawa katika meno ya sahani ya klachi, na yakikosana kwa upana wa unywele hayaingii, hata ukisukuma na watu kumi. Nilishika spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikawa nikizungusha injini kidogo, kidogo zaidi, huku mpwa wangu akisukuma kwa bega na kunambia, "Bado, mjomba... bado... rudisha nyuma kidogo," mpaka ghafla vyuma vikakubaliana na giaboksi ikateleza ikakaa mahali pake kwa mlio mmoja mkavu. Hakuna aliyesema kitu. Mzee wa Iowa alijifuta mikono, akanywa chai yetu ya tangawizi, akauliza kama imetiwa dawa, akaenda zake kulala.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya vioo vya magari. Nilipokuwa nikirudi kutoka kutawadha, niliwaona wasimamizi wa njia wakielekea kwenye vituo vyao vya kona, makundi kwa makundi, wote wamevaa mavazi meupe toka shingoni hadi miguuni, wamebeba bendera zilizokunjwa, wakienda kwa utulivu na mazungumzo ya chini kwa chini kama watu wanaokwenda uwanjani kwa sala ya Idd. Watu hao nao hawalipwi. Husimama mchana kutwa katika baridi na mvua, macho yao yakiwa juu ya kipande kimoja cha barabara, ili dereva anayekuja kilimani bila ya kuona ng'ambo ajulishwe kwa bendera ya manjano kwamba kuna hatari. Roho zetu zilikuwa mikononi mwao, na majina yao hayaandikwi katika matokeo.

Mbio zetu zilianza kwa mwendo, magari yakiwa safu mbili mbili nyuma ya gari la kuongoza, na bendera ya kijani ilipopepea kilima kile cha kwanza kilijaa kishindo cha injini ndogo zilizokuwa zikilia kwa mizunguko zaidi ya 7,000 kwa dakika, kila moja ikiamini kwamba ni kubwa. Matairi ya mashindano, laini na yasiyo na mifereji, hayashiki yakiwa baridi, kwa hiyo duru ya kwanza ni ya subira. Mbele yangu Volkswagen moja ilizunguka katika kona ya tano ikaishia nyasini, na Honda iliyoikwepa ikapoteza nafasi nyingi. Nami nikajikuta nyuma ya Sprite ya kijani.

Hapo ikaanza sehemu ya mbio ambayo mtazamaji wa mbali hudhani haina jambo, na ambayo kwa dereva ndiyo hasa kiini cha mchezo. Gari la mbele huipasua hewa, na la nyuma likijiweka karibu huingia katika mwanya uliopasuliwa, likaenda kwa urahisi. Na magari mawili yakifuatana hivyo, yakibadilishana zamu, huenda kasi kuliko kila moja likiwa peke yake. Hatukuwa tumepatana kwa maneno. Katika duru ya pili yeye aliinua kidole dirishani kabla ya Canada Corner, nami nikapita. Katika mteremko wa kwenda kona ya tano nilimpisha naye akapita. Na kwa namna hiyo, wapinzani wawili tulioshirikiana giaboksi tukashirikiana na upepo, tukawaacha Spitfire mbili zilizokuwa zikigombana na kukatana njia, kila moja ikidhani kuwa kumzuia mwenzake ndiko kwenda mbele. Niliona wazi, nikiwa nyuma ya bomba lake la moshi, jinsi alivyokuwa akiishughulikia Carousel: mikono yake haikuwa ikienda huku na huku kusahihisha, bali aliuweka usukani mara moja, akaungoja mzunguko wote uishe, na gari likabaki limeegemea mahali pamoja kana kwamba limetundikwa.

Duru ya mwisho ilipoingia mimi ndiye niliyekuwa mbele, na urafiki ukasimamishwa kwa ridhaa ya pande zote. Tulipita Kink miguu ikiwa chini; tulifunga breki Canada Corner, yeye akanionyesha pua ya gari upande wa ndani bila ya kujaribu kuingia; na katika kona ya kumi na tatu, chini ya miti, alifanya jambo ambalo kijana mwenye injini kubwa asingelifanya: alijirudisha nyuma. Aliniachia nafasi ya gari zima. Kisha akaikata kona ya kumi na nne kwa mstari mpana, mapema kidogo juu ya mafuta, na nafasi ile aliyoiacha ikamgeukia kuwa mwendo, akaja nao kilimani ndani ya hewa niliyomkatia mimi mwenyewe. Kilima kile ni kirefu. Niliiona Sprite katika kioo, kisha haikuwamo kiooni, kisha ikawa ubavuni mwangu, injini mbili za ukoo mmoja zikilia sauti moja, na giaboksi mbili za mzee zikafika mstarini kwa tofauti ya nusu boneti, ile aliyoiendesha yeye ikiwa mbele ya ile aliyoniazima. Yeye akawa wa nane, mimi wa tisa.

Katika duru ya kurudi polepole, wasimamizi wa njia husogea ukingoni na kuzipungia bendera zao zote kwa pamoja, za kila rangi, na madereva huinua mikono kuwashukuru, kona kwa kona, kilomita zote sita na nusu. Ni desturi ya zamani, nayo humpata aliyeshinda na aliyeshindwa bila ya tofauti.

Ushindi wenyewe, hata hivyo, haukamiliki kwa bendera. Baada ya mbio magari hupelekwa kwenye mizani, dereva akiwa ndani na jasho lake, na yale ya mbele kabisa huingizwa mahali pa ukaguzi, ambapo mafundi wa mwenye gari huamriwa kuifungua injini yao wenyewe mbele ya wakaguzi. Tulisimama nyuma ya uzio pamoja na wengine tukitazama kichwa cha injini ya bingwa kikiinuliwa, vipimo vikiingizwa ndani ya silinda, namba zikitajwa kwa sauti na kulinganishwa na mstari wa kitabu. Aliyeshinda alisimama kando, mikono nyuma, amenyamaza. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Lakini hakuna pia aliyeona vibaya kwamba apimwe, kwa sababu heshima inayopimwa hadharani haihitaji kutetewa baadaye. Vipimo vilipotimia, msimamizi alimpa mkono, na waliomfuata ndio waliokuwa wa kwanza kupiga makofi.

Usiku, wakati wa kufunga mizigo, nilikwenda tena kwa mzee wa Iowa na suala la bei. Alisema giaboksi ikae ndani ya Midget kipindi chote cha baridi, kwa kuwa kuitoa katika baridi ile ni adhabu, na kwamba nimrudishie wakati wa machipuko, safi, ikiwa na oili mpya. Alitaka kujua jambo moja tu, jinsi chai ile inavyopikwa, na mpwa wangu akamwandikia katika kipande cha sanduku la plagi.

Njiani, karibu na Milwaukee, kijana aliniambia kwamba majira ya machipuko anataka kuingia katika shule ya madereva ya chama, na akauliza, kwa ile hila ya vijana ya kuuliza huku wakitazama pembeni, kama si heri tuuze Midget tukanunue gari lenye nguvu kidogo, la kuanzia. Nilimwambia kwamba la kuanzia ni hili hili. Gari lenye nguvu litamfundisha kukanyaga, na kukanyaga hakuhitaji mwalimu. Atakapoweza kuipandisha Midget kilima cha Road America bila ya kuachwa, ndipo apewe nguvu, maana atakuwa ameijua thamani ya kila kitu kinachopotea kabla ya kukipata kwa wingi. Na habari ya shule hiyo, nilimwambia, atampelekea mama yake yeye mwenyewe, si mimi.

"Hilo la mama," alisema, "ndilo kilima chenyewe, mjomba."